Banda la kuku na depo ndani ya parseli kidogo: mambo ya kupanga mbele ya kupiga musumari wa kwanza

Saa moja ya usiku, katika nyumba mingi za Bukavu, Goma, Butembo ao Uvira, kuna kazi moja watoto wanaijua muzuri: kukamata kuku na kuwaingiza jikoni. Wengine wanawaweka chini ya kitanda, wengine katika koridoo nyuma ya bido za maji. Sababu inajulikana, ni mwizi. Lakini kuku anayelala ndani analeta vumbi na harufu ambayo inakohoza watoto, analeta utitiri katika matandiko, na asubuhi mama anaanza siku kwa kufagia mavi mbele ya kuwasha moto wa chai.

Tunaandika hii kwa familia yenye kuku kati ya 10 na 30, parseli kidogo na pesa kidogo. Watu wanauliza sana kuhusu chanjo na chakula cha kuku. Mara chache mutu anauliza kuhusu nyumba yenyewe, na kwa maoni yetu hasara mingi inaanzia pale: sakafu inayolowa, hewa isiyotoka, mulango usiofungika. Dawa haitengenezi banda baya.

Pima kwanza, kisha nunua kuku

Kosa ambalo tunaliona kila fasi ni kununua kuku siku ya soko, kisha kesho yake kutafuta mbao. Banda linalojengwa kwa haraka linakuwa kidogo, halina dirisha, na kisha miezi mitatu linaoza.

Hesabu si ngumu. Kuku wa mayai wanaobaki ndani muchana na usiku wanaomba mita moja ya muraba kwa kuku 5. Kuku wetu wa kienyeji, wanaotembea inje muchana na kurudi kulala tu, unaweza kufika 7 ao 8 kwa mita hiyo. Kuku wa nyama wanaouzwa haraka wanaweza kufika 10, lakini lazima hewa iwe muzuri kabisa. Ukizidisha, wanaanza kudonoana, manyoya yanatoka, na ugonjwa ukiingia unamaliza wote kwa siku chache.

Tuchukue mufano: banda la mita 2 kwa mita 3. Ni mita 6 za muraba, ni kusema kuku 30 wa mayai. Ongeza mita moja tu ya urefu kwa upande, chini ya paa lile lile, na umepata depo. Jumla ni mita 2 kwa 4. Familia mingi zinaona depo kama kintu cha anasa, lakini ukiwa na kuku utahitaji fasi ya mufuko wa chakula, jembe, panga, ndoo, maranda makavu na mayai yanayongoja muteja. Mufuko wa chakula ukibaki ndani ya banda, panya anahamia pale na familia yake yote.

Ndani ya depo, hapana kuweka mufuko chini kwenye udongo wala kuuegemeza kwa ukuta. Panga mbao tatu juu ya matofali, nafasi ya sentimita 10 ao 15 kutoka chini, mufuko ukae juu. Mahindi yaliyolowa yanaota ukungu, na ukungu huo unaweza kutoa sumu inayoharibu maini ya kuku na ya mutu vilevile. Mahindi yenye ukungu watu wanapenda kusema “ni ya kuku tu.” Hapana. Kuku atapunguza mayai mbele ya wewe kuelewa sababu.

Fasi ya kujenga

Katika parseli kidogo hauna uchaguzi mingi, tunajua. Hata hivyo, kisha mvua kubwa, zunguka parseli yako na uangalie maji yanapita wapi na yanasimama wapi. Angalia pia ukuta gani wa nyumba yako unalowa zaidi: upande ule njo upepo wa mvua unatoka. Mbele ya banda, ile yenye grilaji, itazame upande mwingine.

Mimi mwenyewe niliyeandika hapa, banda langu la kwanza pale Bukavu nililijenga likitazama ziwa, juu ya uzuri wa kuangalia tu. Mvua za mwezi wa tisa ziliporudi, maji yaliingia moja kwa moja kwa mbele. Maranda yalilowa, nikasema yatakauka. Ndani ya wiki mbili vifaranga 11 wa mwezi moja walikufa wakiharisha damu. Ugonjwa ule unaitwa kokisidiozi, na unapenda sakafu yenye maji kuliko kintu kingine chote. Nilinunua dawa, lakini ilibidi pia nigeuze banda.

Kwa baridi ya Bukavu ao Butembo, ni vizuri mbele itazame mashariki ili jua la asubuhi liingie na kukausha. Kule Uvira ao Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, shida ni joto. Pale urefu wa banda ufuate njia ya jua, mashariki kwenda magharibi, ili jua la saa nane lipige kwenye ukuta mufupi na isiwe kwa kuku. Na wale wa Uvira hawahitaji kukumbushwa mafuriko ya mwezi wa inne 2020, wala namna ziwa limepanda miaka hii. Kwa wale wa karibu na maji, inua sakafu juu ya nguzo, sentimita 60 ao zaidi, hata kama inaongeza mbao.

Kwa wale wa Bukavu wanaokaa kwenye mulima: hapana kukata udongo kwa wima ili kupata fasi ya banda. Kipande kidogo kilichokatwa leo kinaweza kuanguka mvua kubwa ikija, na kinaweza kushuka na nyumba ya jirani wa chini. Afazali banda jembamba linalofuata mutelemuko, na mutaro kidogo juu yake unaogeuza maji.

Kwa wale wa Goma na Sake kuna jambo lingine: mazuku. Ni gazi inayotoka chini ya udongo wa volkano, haina rangi. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakaa katika mashimo na fasi za chini, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati upepo umetulia. Watu wa upande wa Bulengo wanaijua. Kuku, juu ya kimo chake kifupi, anavuta hewa ile mbele ya mutu. Ikiwa katika kona fulani ya parseli umewahi kukuta panya, ndege ao mbuzi amekufa bila kidonda, hapana kujenga pale, na watoto wasicheze pale. Banda liwe fasi ya juu, upepo unapopita.

Acha nafasi ya mita moja kati ya banda na nyumba yako ikiwezekana, na uongee na jirani mbele ya kuanza. Jogoo anawika saa tisa ya usiku, na mavi yananuka. Jirani aliyeulizwa mbele anavumilia zaidi, na akipewa mayai mawili matatu ya kwanza anakuwa hata mulinzi.

Juu ya jiwe la volkano

Goma ina mambo yake. Tangu volkano ya mwezi wa kwanza 2002, sehemu kubwa ya muji inakaa juu ya jiwe, na kuchimba shimo la nguzo ni kazi ya siku nzima na nyundo kubwa. Mafundi wa nyumba za mbao wana jibu lao, na linafaa kwa banda pia: unapanga mawe yaliyo sawa, unalaza juu yake mbao nene kuzunguka pande zote inne, kisha unasimamisha nguzo juu ya mbao zile. Uzito wa mawe yaliyopangwa kwa ndani unashikilia banda lisibebwe na upepo.

Faida ya jiwe ni kwamba maji yanashuka haraka, hakuna matope. Ubaya wake ni matundu: kila nafasi kati ya mawe ni nyumba ya panya. Jaza nafasi zile na kokoto ndogo, kisha mimina simenti nyembamba juu. Kama simenti inakosa, udongo mwekundu uliopigwa sana unasaidia, lakini itabidi kurudilia.

Tena jambo moja. Kisha volkano ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021 na vita ya mwanzo wa 2025, nani atashangaa mutu akitaka banda ambalo anaweza kulifungua na kulibeba? Inawezekana. Tengeneza kila ukuta kama kipande chake chenye fremu, kisha unganisha kwenye kona kwa bulo ndefu na si kwa misumari. Watu wawili wanaweza kulifungua ndani ya saa moja na kulipandisha kwenye chukudu.

Mbao na manjanja

Kwa banda la mita 2 kwa 4, nguzo 6 zinatosha: tatu mbele, tatu nyuma. Mbele iwe na kimo cha mita 2 na sentimita 20, nyuma mita 1 na sentimita 80. Mutelemuko wa sentimita 40 unatosha kushusha maji, na mutu muzima anaingia kufagia bila kupinda mugongo. Hapo watu wanataka kuokoa mbao, wanajenga banda la kimo cha mita moja. Kisha hakuna anayependa kuingia, na banda lisiloingiwa halifagiwi.

Mukaratusi njo muti tunaopata kwa urahisi katika Kivu. Ni nguvu, lakini ukiwa bado mubichi unajipinda na kupasuka. Nunua mwezi moja mbele ya kujenga, ipange kivulini juu ya mawe ikauke. Sehemu inayoingia katika udongo ipake mafuta ya vidanje ya motere mara mbili, juu ya muchwa, ao uichome juujuu mpaka inakuwa nyeusi. Mafuta yale yakauke kabisa mbele ya kuku kuingia, na hapana kuyapaka kwenye miti ambayo kuku atalala juu yake.

Manjanja yanahesabiwa kwa BG. Namba ikipanda, manjanja yanakuwa membamba: BG 32 ni nyepesi kuliko BG 28. Kwa banda, BG 32 inatosha ikiwa imepigiliwa muzuri, lakini inapata joto haraka na mvua inapiga kelele sana. Kwa fasi za joto, weka majani makavu ao mikeka chini ya manjanja. Manjanja 6 ao 7 ya urefu wa mita 3 yatafunika banda letu na kuacha ukingo wa karibu nusu mita mbele na nyuma. Hapana kukata ukingo ule ili kuokoa! Ndiyo unaozuia mvua isiingie kwa grilaji.

Manjanja ya zamani yanafaa pia. Matundu ya misumari yanazibwa kwa kipande cha mupira wa gari na musumari mupya katikati.

Hewa

Hapa tunataka kukaa kidogo, juu ya sababu watu wetu wanaogopa baridi kuliko wanavyoogopa hewa chafu. Banda la Bukavu mara mingi linafungwa pande zote, na matundu yanazibwa na magunia, eti kuku wasiugue. Lakini mavi ya kuku yakilowa yanatoa gazi kali inayoitwa amoniaki. Inachoma macho na njia ya pumuzi ya kuku, na kisha hapo magonjwa ya kifua yanaingia bila kizuizi. Kuku mwenye manyoya yake yote anavumilia baridi ya usiku wa Kivu bila shida. Anachoshindwa ni baridi pamoja na maji, na upepo unaompiga moja kwa moja akiwa amelala.

Kwa hiyo: chini funga, juu fungua. Ukuta wa mbao upande kutoka chini mpaka sentimita 80 ao mita moja, kisha juu yake weka grilaji mpaka kwenye paa. Nyuma acha nafasi ya sentimita 15 ao 20 chini ya manjanja, nayo yenye grilaji, ili hewa ya moto itoke. Usiku wa baridi sana ao wa mvua ya upepo, shusha gunia kwa mbele, lakini ile nafasi ya nyuma ibaki wazi.

Kuna namna rahisi ya kupima. Asubuhi mbele ya kufungua kuku, ingia, chuchumaa mpaka kichwa chako kiwe kwa kimo cha kuku, na uvute pumuzi mara tatu. Macho yakikuchoma, kuku wako wamevuta ile usiku wote. Toa maranda yaliyolowa, ongeza makavu, fungua zaidi kwa juu.

Maranda, yale yanayobaki kwa fundi anayelainisha mbao, yawe na unene wa sentimita 5 mpaka 10. Kwa maseremala wengi unayapata bure ao kwa bei kidogo. Unga wa msumeno si muzuri kwa vifaranga, wanaula. Yakichafuka, yaweke katika shimo pembeni miezi miwili mbele ya kuyapeleka kwenye lengalenga. Mavi mabichi yanachoma mizizi.

Moto

Tunasema hili kwa uzito. Bukavu inajua moto. Kartye za nyumba za mbao zilizobanana zimeungua mara mingi. Na vifaranga, katika wiki za kwanza, wanahitaji joto. Umeme unakatika, basi mutu anaingiza mbabula ya makala ndani ya banda la mbao, juu ya maranda makavu, anaenda kulala.

Kama unatumia makala, isafishe fasi ile maranda mpaka udongo uonekane, weka muchanga, weka mbabula juu ya mawe, kisha izungushe na matofali ili kifaranga asifike na maranda yasianguke. Washia inje, ingiza wakati moshi umekwisha. Lazima hewa itoke kwa juu, juu ya gazi ya makala inaua vifaranga, na mutu pia. Njia nyingine, na tunaipenda zaidi: chungu cha udongo chenye matundu, makala ndani, kifuniko juu. Kinashika joto muda murefu na cheche hazirukiruki. Katika siku zile za kwanza vifaranga wakae ndani ya duara la karto, bila kona, kwa sababu kwenye kona wanajibana na kuuana. Wakirundikana karibu na moto, wana baridi. Wakikimbilia pembeni na midomo wazi, wana joto.

Mulango na mwizi

Hakuna banda linaloshinda mwizi mwenye muda. Kazi yako ni kumunyima muda. Bawaba za mulango zishikwe kwa bulo zinazopita mbao yote, nati ikiwa ndani. Musumari unangolewa bila kelele. Mulango ufunguke kwa inje, na chini yake kuwe na mbao ya kimo cha sentimita 20 inayozuia maranda yasitoke. Weka kadena nzuri. Mulango wa depo na wa banda yote miwili itazame dirisha la chumba unacholala. Kamba yenye makopo matupu ni teknoloji ya zamani, lakini bado inaamsha watu.

Grilaji ya kawaida ya kuku inazuia kuku kutoka, haizuii nguchiro wala panya kuingia. Kwa sehemu ya chini tumia ile yenye matundu madogo ya sentimita moja hivi, ao mbao tupu. Kuzunguka banda, chimba mufereji wa sentimita 30 na uujaze mawe, ili mwenye kuchimba akutane nayo.

Ndani

Miti ya kulalia: sentimita 20 kwa kila kuku. Kwa kuku 30 ni mita 6, ni kusema miti miwili ya mita 3 inayoenda urefu wote wa banda, kwa kimo cha sentimita 60 ao 80. Iwe ya upana wa sentimita 4 ao 5, kona zimelainishwa. Viota 6 vinatosha, kimoja kwa kuku 5, vya sentimita 30 kila upande, fasi yenye giza kidogo na chini ya kimo cha miti ya kulalia, la sivyo watalala ndani yake na kuchafua mayai. Chombo cha maji kikae juu ya matofali mawili. Ndiyo yote.

Banda muzuri halizuii ugonjwa wa Newcastle, ule unaofagia kuku wa avenyu nzima. Ule unaombwa chanjo, na munganga wa mifugo wa karibu atakuambia ratiba. Ile ya tone moja katika jicho kwa kawaida inarudiliwa kila miezi 3 ao 4. Kuku uliyenunua sokoni, akae peke yake wiki mbili, mbali na wengine.

Na wakati umeuza kundi lote, hapana kuingiza lingine siku ile ile. Toa maranda yote, sugua mbao kwa maji na sabuni, paka chokaa kwenye kuta na kwenye miti ya kulalia, zaidi katika mipasuko ambamo utitiri unajificha muchana. Acha mulango na madirisha wazi jua na upepo viingie kwa wiki mbili. Mwisho wa wiki hizo pitisha kidole chini ya muti wa kulalia: kikitoka na alama nyekundu ya damu, utitiri bado uko, rudilia chokaa mbele ya kuagiza vifaranga.